Tonge la Yatapita

Mizani haina shemeji. Neno hilo alilisema kila msimu wa kahawa, na hakulisema kwa ukali. Alilisema kama mtu anayekuambia kwamba nje kuna ukungu, halafu akaondoa mkono wake juu ya gunia lako ili mshale utulie. Ukibisha, alilirudia. Ukilia, alikusubiri umalize, kisha akamwita anayefuata. Kijiji kizima cha Kitura kilimwita Karani, na hata alipostaafu, chama cha msingi cha wakulima kikaleta karani mwingine na mizani ya betri, jina halikumtoka. Yule mpya anaitwa kwa jina lake la ubatizo mpaka leo.

Mimi si mtu wa kule. Ni Mnyasa wa Mbamba Bay, niliyepandishwa mlimani na ualimu wa shule ya msingi, nikapanga nyumba iliyopakana na kiwanja chake. Kati yetu palikuwa na ua wa minyaa wenye pengo ambalo kuku wake walilifanya barabara kuu. Nikikaa jikoni kwangu nilikuwa naona uwani kwake bila kutaka, na baada ya muda, kwa kutaka. Mengi ninayoyasema hapa niliyaona kupitia pengo hilo la kuku.

Siku tuliyokutana mara ya kwanza nilikuwa natoka Mbinga mjini na kiroba cha unga.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba." Akanipokea kiroba, akakining'iniza kwa mkono mmoja, akafumba macho. "Umepunjwa, Mwalimu."

"Kimefungwa kiwandani, Baba. Uzito umeandikwa hapo."

"Umeandikwa, ndiyo. Lakini umepunjwa."

Nilikipeleka kiroba kwenye mizani ya mashine ya kusaga, nikakuta amesema kweli. Nikakasirika, tena si kwa mwenye duka, bali kwa mzee huyu. Nilikuwa nimeshamweka kwenye fungu la wazee wenye majivuno, na sasa ilinibidi nimheshimu.

Msimu ukifunguliwa hakumpa mtu mkono. Alisalimia kwa kuinamisha kichwa, mikono ameiweka nyuma, kwa sababu, alisema, mkono ulioshikwa asubuhi unalegea jioni. Wala hakula nyumbani kwa mtu. Iwe harusi, iwe kipaimara, iwe matanga, alifika, akakaa, akatoa hongera au pole, akaondoka na njaa yake. Mwaka mmoja aliikataa kahawa ya mke wake mwenyewe mbele ya foleni kwa sababu haikukauka sawasawa, na mama wa watu akaibeba kichwani akarudi kuianika tena. Watu walicheka. Wengine hawakucheka. Walisema mtu anayeogopa kulishwa na wenzake ana jambo alilolifanya. Maneno ya namna hiyo kijijini huwa hayafi, yanalala tu.

Palikuwa na mahali pamoja alipokula na watu, napo ni kwenye sengu.

Walivyonieleza, zamani kila ukoo wa Wamatengo ulikuwa na sengu yake. Wanaume walikutana kwa mzee wao jioni, kila nyumba ikaleta sahani, wakala pamoja, na kama kuna ugomvi ukaamuliwa hapo hapo kabla hawajatawanyika. Siku hizi kwa nyumba nyingi limebaki neno. Karani aliyashikilia mabaki yake. Kila Jumapili baada ya Misa walikutana wanne kwenye kibanda chake cha kuhifadhia kahawa, kila mmoja na kigoda chake: yeye mwenyewe; kaka yake mkubwa, kiziwi wa sikio moja lakini msemaji wa midomo miwili; mzee mwenye mashine ya kusaga; na binamu yao Fundi, mshona nguo, ambaye hakuna msiba aliowahi kukaa bila kumchekesha mtu. Wake zao walituma sahani. Ulikuwa ugali, maharage na likolo, yaani mboga za majani, na siku ya neema nyama ya nguruwe au samaki aliyepanda kutoka kwetu ziwani.

Sheria zilikuwa chache na ngumu. Hakuna kula peke yako. Mwanamke haketi, analeta, anapiga goti, anarudi jikoni. Na sahani hairudi na chakula. Ikirudi na chakula, nyumba iliyoileta imetukanwa: ama hawajui kupika, ama wanadhaniwa wametia kitu. Nilipopita hapo Karani alinikaribisha kwa heshima zote. "Karibu, Mwalimu. Pita kwa akina mama." Nikapita kwa akina mama.

Sasa mbwa. Alikuwa jike la rangi ya majani makavu, sikio moja limesimama na jingine limelala. Alitoka ufukweni Mbamba Bay, siku Karani alipoteremka mara yake ya pekee "kuliangalia hilo ziwa lenu," akarudi kwenye kosta na mtoto wa mbwa ndani ya kikapu cha dagaa. Ziwa hakulipenda. Alisema ni maji mengi mno na hakuna anayeyapima. Mbwa alimchukua kwa sababu nguruwe pori walikuwa wanamaliza mahindi kwenye ngoro, yale mashimo Wamatengo wanayolimia milimani kule. Jina alipewa na mke wake. Bei ya kahawa ilikuwa imeanguka mwaka huo, watu wanang'oa mibuni, naye akamwita Yatapita.

"Huyu ni Mnyasa mwenzako," Karani aliniambia. "Mwone anavyolala saa za kazi."

"Ndiyo maana anajua kula vizuri, Baba. Ninyi mnalima kahawa na hata ladha yake hamuijui."

Alicheka kwa pua. Ilikuwa kweli, kahawa hakunywa maisha yake yote, alikunywa chai ya rangi.

Zamani zile Yatapita alikuwa na tonge moja. Wanaume wakimaliza kula, Karani alikata ugali mdogo, ukubwa wa kidole gumba, akauchovya kwenye mchuzi, akaushika. Mbwa alikaa mbali, haombi, halii, mate yanamdondoka. Karani akisema "Haya," ndipo anasogea na kulichukua kwa midomo laini, kama bibi anayepokea komunyo. Ni hilo tu mpaka Jumapili nyingine. Chakula chake chenyewe kilikuwa pumba zilizopikwa na dagaa kidogo, asubuhi na jioni, kwa kopo lile lile. Mke wa Karani alilisimamia jambo hilo akiwa mlangoni pa jiko. Fundi akijaribu kurusha mfupa, mama alipaza sauti: "Fundi! Mbwa si mkwe!" Maana mkwe ndiye anayeshindiliwa chakula mpaka ashindwe kuinuka. Walicheka wote, na mfupa ukarudi kwenye sahani.

Mama huyo ndiye aliyetangulia kufa. Aliumwa tumbo masika moja, akapelekwa mjini, akarudishwa, akafa. Nilikuwa jirani tu, lakini nilimlilia kama wa kwetu, na nyumba ile haikupata joto tena. Akafuata mzee wa mashine. Mjane wake alichukuliwa na watoto Songea, na sahani yao ikakoma. Kisha kaka mkubwa. Kisha, mwaka ambao ukungu uligoma kuondoka mpaka Agosti, Fundi, aliyekutwa ameegemea cherehani yake na uzi bado umo kwenye sindano. Wahenga wanasema mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Karani alikuwa amemzika mpaka mzaliwa naye, na bado yuko hai.

Jumapili iliyofuata arobaini ya Fundi, nilikuwa naosha vyombo nikaona sahani zinafika kibandani. Ya kwanza ni ya mke wa mwanawe, aliyempikia tangu mama afe. Mwanawe mwenyewe alikuwa dereva wa malori ya makaa ya mawe, na Jumapili zake ziliishia barabarani. Ya pili ilitoka kwa mjane wa kaka, bibi ambaye macho yalishaingia giza, ikabebwa na mjukuu. Ya tatu aliileta Mama Fundi mwenyewe. Alipiga goti, akaiweka mbele ya kigoda cha mume wake, akarudi. Hakuna aliyewaambia wajane waendelee kuleta, na hakuna aliyewaambia waache. Kuacha kungekuwa kutamka kwamba mahali pa mtu wao pamefungwa, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kutamka.

Karani alikaa mbele ya sahani tatu. Alikula yake. Zile mbili akazitazama muda mrefu. Kuzirudisha zilivyo hakuweza, sheria aliishika yeye. Kuzimaliza hakuweza, alikuwa mtu wa mwili mdogo, na kila tonge la sahani ya Fundi, aliniambia baadaye, lilimsimama kooni. Kumwaga chakula kilichowekwa kwa ajili ya marehemu hakuthubutu hata kufikiri. Mtu atauliza kwa nini hakuwapa wajukuu au majirani. Chakula cha sengu hakitoki nje ya sengu, na wajukuu waliokuwepo walikimbia kula na babu anayeangalia unavyoshika tonge. Yatapita yeye alikuwa wa ndani. Alishakula humo siku zote wakiwa hai wote. Akanyanyua lile sikio lake moja.

"Haya," akasema Karani.

Ilikuwa kidogo tu. Ndivyo alivyosema kila nilipogusia, na ndivyo tunavyosema sote. Haba na haba hujaza kibaba. Tunawafundisha watoto methali hiyo kwa kusifu akiba, na hatuwaambii kwamba kibaba hakichagui kinajazwa nini. Baada ya Jumapili zikaingia siku za katikati. Kipande cha andazi la chai. Ukoko. Ngozi ya kuku. Dagaa wa chumvi aliyebaki kwenye kikaango. Mtu aliyemrudishia mkewe kahawa kwa unyevu mdogo usioonekana kwa macho, alikaa na mbwa anayefura mbele yake na asione.

"Baba, Yatapita amenenepa."

"Ni manyoya. Huoni baridi hii?"

"Hata shambani hapandi tena, Baba."

"Umri, Mwalimu. Hata wewe utafika."

Hakuwa na umri huo. Nguruwe pori walizipata habari kabla yetu, wakarudi kwenye ngoro, na Yatapita akawabwekea akiwa amelala. Akitembea kutoka kibandani mpaka jikoni ilimbidi akae njiani apumzike, ulimi nje, mbavu zikipanda na kushuka ndani ya mafuta.

Nilikuwa naogopa, na nitasema nilichokiogopa. Katika sengu ile, zaidi ya Karani, alikuwa amebaki Yatapita tu. Alijua mahali pa kila mmoja. Jumapili alivinusa vigoda vyote kwa zamu kabla hajalala. Mbwa huyu akifa, mzee yule atakula peke yake kwa mara ya kwanza maishani mwake, na sikuamini kwamba angeweza. Na aliyekuwa anamwua mbwa ni yeye, kwa mkono wake, kwa mapenzi.

Bwana mifugo alikuja kuchanja mbwa dhidi ya kichaa. Alikuwa mgeni kwetu, mtu wa Tabora, mcheshi. Alimshika Yatapita kifuani, mcheko ukamwishia.

"Mzee, mbwa mzima ukimpapasa unazipata mbavu. Huyu napapasa napata godoro. Anahema hivi tangu lini?"

"Tangu juzi juzi."

"Tangu mwaka jana," nikadakia kwenye pengo la kuku. Karani alinitazama, nikarudi jikoni kwangu, ila masikio niliyaacha palepale.

"Sikukatazi kumpa kitu cha mkono," bwana mifugo alisema. "Mbwa naye anapenda kukumbukwa. Lakini kitu cha mkono ni salamu, mzee, si chakula. Mpe tonge moja. Siku uliyompa, mpunguzie kwenye kopo. Dagaa wa chumvi na mifupa ya kuku, acha kabisa. Ukiendelea hivi moyo utamshinda, na mwaka huu haumalizi."

"Na sahani za watu nizipeleke wapi?"

"Sahani zipi, mzee?"

"Basi," akasema Karani.

Kesho yake aliniita. Chama kilipomuaga kilimwachia ile mizani ya zamani ya kuning'iniza, yenye uso wa duara, naye alikuwa ameifunga kwenye boriti ya kibanda. "Mwalimu, njoo unishikie mbwa." Tulimtia Yatapita ndani ya gunia la kahawa, kichwa nje, tukamtundika. Akazunguka polepole hewani, sikio moja juu, akitutazama kwa zamu kama mtu aliyepandishwa gari bila kuambiwa linakwenda wapi. Nilicheka, ningefanyaje. Kisha nikauona uso wa Karani. Alikuwa ameweka mikono nyuma, kama msimuni, anasubiri mshale utulie. Ulipotulia hakusoma. Mtu huyu miaka yote alisoma kila gunia kwa sauti ili mwenye mali asikie.

"Uzito huu si wake," alisema. "Humu yumo kaka. Yumo Fundi."

Tulimteremsha, naye Yatapita akajikung'uta, akaenda kulala mahali pa Fundi.

"Baba, waambie akina mama wasilete tena," nilisema mwishowe.

"Nimwambie mjane asilete sahani ya mume wake. Kwa maneno gani? Nipe hayo maneno, wewe ndiye mwalimu."

Sikuyapata, na mpaka leo sijayapata. Akaendelea kama alivyokuwa, ila sasa kila aliposema "Haya" aliangalia pembeni.

Kisha ikaja Jumapili ya mvua. Mama Fundi alirudi mapema kuliko siku zote kuchukua chombo chake, mvua inamkimbiza. Yatapita alikuwa amesimama mbele ya kigoda cha Fundi, miguu ya mbele huku na huku ya sahani, analamba ukingo. Karani alikuwa anamtazama kwa upole ambao sikuwahi kuuona akimwonyesha mtu, na kwa sababu hiyo hakusikia hatua. Mama Fundi akasimama, maji yanamtiririka usoni.

"Kumbe," alisema.

Karani aliinuka. Mama Fundi aliinama, akaichukua sahani chini ya pua ya mbwa, akaipangusa kwa upindo wa kanga yake, akaondoka nayo kwenye mvua.

Jumapili iliyofuata hakuleta, wala ile nyingine. Mjukuu wa bibi naye alikuwa amesikia, akasema nyumbani, na sahani ya bibi ikakoma. Yale maneno ya zamani yaliyokuwa yamelala yakaamka. Unaona? Hakutaka kula chakula chetu tangu zamani. Tunapika, tunapiga goti, anampa mbwa. Waliosema hivyo hawakuwa watu wabaya. Waliwahi kurudishiwa magunia na mtu asiyewapa mkono, na sasa walipata mahali pa kuiweka hasira.

Na tazama ubaya wa mambo: Yatapita akaanza kupungua. Alichotaka bwana mifugo kikawa. Hapakuwa na sahani za ziada, na mkwe alipopika alipika kwa kiasi. Mbwa alipata kopo lake na tonge lake, akaanza kuhema vizuri kidogo, hata akafika tena mpaka kwenye mibuni ya kwanza. Lakini Karani aliacha Misa ya watu wengi, akawa anakwenda ile ya alfajiri na kurudi kabla watu hawajaamka. Jumapili mchana alikaa kibandani na sahani moja mapajani. Mara nyingine alimaliza kula akasahau kusema "Haya," na Yatapita alikaa akimtazama, mate yanadondoka, mpaka ugali ukapoa mkononi mwa mzee. Nilikuwa naona hayo yote na nasonya peke yangu jikoni kwa uchungu.

Katikati ya hayo nikahamishiwa kwetu, Mbamba Bay. Aliponiaga alipima sanduku langu kwa mkono. "Ni jepesi," alisema. "Miaka yote hii?"

Mwezi wa sita mwaka huu nilipanda tena Kitura kwa kipaimara cha mtoto wa rafiki yangu. Ilikuwa Jumapili, na ukungu ulikuwa mzito hata kosta ilitembea imewasha taa mchana. Nilikuwa na mbasa mkavu mmoja asiye na chumvi, samaki wa kwetu ziwani, kwa ajili ya Karani. Nilimwagiza hivyo makusudi. Njia ya kwenda kwake inapita mbele ya nyumba ya Mama Fundi. Alikuwa barazani, na cherehani ya marehemu iko kando yake, imefunikwa shuka.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, Mwalimu. Umenenepa. Ziwa limekupokea." Akanitazama mfuko. "Unakwenda kwa yule?"

"Ndiyo, Mama."

Aliingia ndani. Nilidhani nimemuudhi, nikawa nafikiria niondokeje. Akatoka na sahani iliyofunikwa kwa sahani, ya moto. Ugali na maharage. Haikuwa imepikwa sasa hivi kwa ajili yangu. Ilikuwa tayari, na sikumwuliza tangu lini alikuwa anapika chakula cha wawili na kukila peke yake.

"Mpelekee. Na umwambie hivi: safari hii nataka anayekula awe na mikono."

Nilimkuta kibandani, amepungua sana, koti limembaki mabegani kama limeanikwa. Mizani bado ilikuwa juu yake, imeshika kutu. Yatapita aliinuka kwa awamu, nyuma kwanza, kisha mbele, akaja kuninusa. Mafuta yalikuwa yametoka, lakini kifua kilikuwa kinafanya kazi kuliko inavyofaa.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu. Mwenzako huyo, moyo umechoka. Bwana mifugo anasema hautarudi ulivyokuwa. Ila tukienda kwa kiasi, tutakwenda kidogo."

Nilipiga goti, nikaiweka sahani mbele ya kigoda cha Fundi, mahali pake, nikamweleza imetoka kwa nani. Kisha nikampa ujumbe, neno kwa neno. Akaitazama mikono yake, hii na hii.

"Yangu nimeshakula," alisema. "Mkwe amechukua chombo sasa hivi. Na sahani hairudi na chakula."

"Najua, Baba."

"Basi kaa."

Niligeuka kutazama jikoni. Mkwe wake alikuwa amesimama mlangoni, pale pale aliposimama mama zamani, kisha akarudi ndani.

"Baba, hapo ni pa..."

"Najua ni pa nani. Mimi ndiye niliyekaa napo. Kaa, Mwalimu. Nawa mikono."

Nikanawa, nikakaa kwenye kigoda cha Fundi. Tulikula wawili sahani moja, yeye kidogo, mimi kwa bidii, maana sikutaka ibaki hata punje ya kumrudishia yule mama. Ugali ulikuwa mgumu na maharage hayakukolea chumvi, na nilikula nikilia, wala sioni haya kulisema. Karani alijifanya anatazama ukungu. Yatapita alivinusa vigoda vyote kwa zamu, akafika kwangu, akanusa miguu yangu muda mrefu, kisha akaenda kukaa mbali kama zamani, mate yanadondoka.

Chakula kilipobaki kidogo Karani alikata tonge, akalichovya. Akafumba macho, akalipima kiganjani. Akalikata tena katikati, nusu akaila mwenyewe.

"Haya."

Alikuja polepole, akalichukua kwa midomo laini, akarudi kulala.

Karani aliifuta sahani kwa kidole mpaka ikawaka, akaifunika, akanikabidhi nimrudishie mwenyewe. Hakuniangalia. Aliongea kwa sauti ile ile ya msimuni, sauti ya mtu anayekuambia kwamba nje kuna ukungu.

"Siku sahani yangu itakapoletwa hapa nami sipo, huyu mpeni tonge moja. Hicho chakula kingine kitafutieni mtu."